Mama alimwita Zuhura

Jumatatu ya tarehe 1 Agosti 2022 nilikuwa Malindi kwa mama. Tumekaa barazani, mahamri yako kwenye kitunga, mbaazi bado zinafuka moshi. Simu yangu ikatetemeka. Nikasoma, nikarudia kusoma, kisha nikatamka bila kupima: "Mama, Uhura amefariki."

Chai ilimwagika. "Uhuru?" Mama akainuka nusu. "Nani kakwambia? Shusha sauti, wee!"

Anayezikumbuka siku zile ataelewa. Zilibaki siku 8 kwenda uchaguzi mkuu, Rais Uhuru Kenyatta anamalizia muhula wake, mji umejaa mabango na tetesi. Jina lile halikuwa la kuwekwa karibu na neno "amefariki", hata kwa mzaha. Jirani wa ng'ambo ya uchochoro alikuwa keshasogeza pazia. Ikabidi nieleze haraka haraka, tena kwa sauti ya kuvuka ukuta: si Uhuru, ni Uhura. Si wa Ikulu, ni wa kwenye kanda za mjomba. Yule mwanamke wa gauni jekundu mwenye kidude sikioni.

"Aa," mama akaketi, mkono kifuani. "Zuhura." Akaanza kucheka, na jirani naye akacheka huko aliko. Halafu kicheko cha mama kikakatika njiani.

"Zuhura wangu amekufa?"

Aliyekufa ni Nichelle Nichols, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani. Alifariki Jumamosi ya tarehe 30 Julai huko Silver City, jimbo la New Mexico, moyo ukiwa umemshinda, akiwa na miaka 89. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Robbins, karibu na Chicago, mji wa watu weusi ambao baba yake aliwahi kuwa meya wake. Kabla ya televisheni alikuwa mcheza dansi na mwimbaji, akazunguka na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton. Ila dunia ilimjua kwa kiti kimoja tu: kile cha afisa wa mawasiliano kwenye chombo cha angani kiitwacho Enterprise, katika tamthilia ya Star Trek, kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969. Luteni Uhura.

Kwetu aliingia mwaka 1991, ndani ya begi la baharia. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi kwenye meli za mizigo, na safari ile alitoka Uingereza na deki ya video, shuka mbili za maua, na kanda tano au sita zilizofungwa kwa raba. Alipoichomeka ya kwanza alimwambia mama: "Dada, kaa hapa mbele. Nimekuletea mwenzako."

Mama alikuwa opereta wa simu.

Kwa msomaji aliyezaliwa simu ikiwa mfukoni, ngoja nieleze kidogo, kwa sababu bila hili habari yangu yote haina miguu. Zamani hukuweza kutoka Malindi ukaipata Nairobi kwa kubonyeza tu. Uliinua mkono wa simu, ukamwomba mtu. Mtu huyo ndiye mama. Alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya ubao uliojaa matundu, hedifoni kichwani, kinasa sauti kimejikunja mbele ya mdomo kama mkia wa kamba. Mbele yake nyaya zilisimama mbili mbili, kila moja na ncha ya chuma inayong'aa kwa kushikwashikwa. Kitaa kikiwaka, anachomeka waya wa kwanza: "Nambari tafadhali?" Anachomeka wa pili upande wa anayetafutwa. Akishawaunganisha, anaandika kwenye kijikaratasi saa waliyoanza, na macho yanabaki ukutani kwenye saa. Kila baada ya dakika tatu anaingia katikati ya mazungumzo yao, taratibu, sauti ile ile kwa tajiri na kwa maskini: "Dakika tatu zimekwisha. Unaendelea?"

Alikianza kiti kile mwaka 1974. Kwa sababu ya mahoteli, alijua kuhesabu hadi mia kwa Kiitaliano na kwa Kijerumani, na kwa lugha zote hizo alijua kusema subiri, laini ina shughuli, na pole. Hilo la mwisho lilikuwa na kazi nyingi. Opereta husikia msiba kabla ya wafiwa. Kijana yuko Jeddah kazini, baba yake amefia Lamu, na katikati yao yuko mwanamke mmoja Malindi ameshika nyaya mbili mkononi, anajua tayari, na haruhusiwi kusema neno. "Opereta ana masikio, mdomo kauacha nyumbani," ndivyo walivyofundishana wao.

Basi kanda ikaanza kuzunguka. Sisi watoto tulikodoa macho kwa nahodha Kirk na yule mwenye masikio ya ncha. Mama hakuwatazama kabisa. Alimtazama yule wa pembeni, nyuma ya kiti cha nahodha, kiganja sikioni, kichwa kimeinama kidogo.

"Tazama shingo yake," akasema. "Huyo anasikiliza kweli. Laini ikiwa na kelele unainamisha hivyo hivyo." Kisha, baada ya muda: "Lakini nyaya zao ziko wapi?"

Jina alilisikia vibaya tangu siku hiyo, au labda alilisikia vizuri kuliko sisi. Zuhura. Ni jina la watu wa pwani, jina la shangazi yake mwenyewe, na ndilo jina la ile sayari inayowaka alfajiri kabla ya jua. Mwanamke anayefanya kazi katikati ya nyota angeitwa nani kama si Zuhura? Mjomba alijaribu kumsahihisha mara mbili tatu akachoka.

Kisa cha jina lenyewe, kama Nichols alivyokisimulia miaka mingi, ni hiki. Alipokwenda kwa majaribio ya kuigiza alikuwa amebeba riwaya iitwayo Uhuru, ya Mmarekani Robert Ruark, iliyotoka mwaka 1962 na inayohusu Kenya. (Kitabu chenyewe kimeandikwa kwa jicho la mwindaji aliyealikwa na walowezi, siwezi kukusifia.) Gene Roddenberry, mbunifu wa tamthilia, akalipenda neno lile na maana yake. Akaona hata hivyo kwamba kwa mwanamke linakuwa gumu kidogo, na Nichols akapendekeza walilainishe mwishoni: Uhura.

Nimeshuhudia Waswahili wakigombana juu ya herufi hiyo moja hadi usiku wa manane. Uhura si neno, anasema mmoja, mwalimu angelipiga mstari mwekundu. Tangu lini kwetu "a" ikawa ya kike, anasema wa pili, mbona kuna Juma na Musa? Wote wana haki. Ila mimi hulitazama neno lile kama lilivyokuwa mwaka 1966. Tanganyika ilikuwa na miaka mitano tu tangu ipate uhuru, Kenya haijatimiza mitatu. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Wamarekani weusi waliadhimisha Kwanzaa kwa mara ya kwanza, sherehe ambayo nguzo zake zina majina kama umoja, ujima na kuumba. Neno letu lilikuwa limepanda meli lenyewe bila mlinzi. Lingefika kule lote likiwa zima, isiondoke hata herufi? Hata dhahabu husafiri ikikwaruzwa.

Jina la kwanza alilipata baadaye sana. Katika vipindi vyote 79 haitwi ila Uhura. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler alipendekeza Nyota katika kitabu chake kuhusu wahusika wa tamthilia, mashabiki wakalibeba, na filamu ya mwaka 2009 ikalitamka rasmi. Nyota Uhura. Nilipomwambia mama, alinitazama kama mtu anayeelezwa kwamba maji yanalowesha. "Nyota ya Zuhura," akasema. "Si ndivyo nilivyokuwa nikisema?"

Miongoni mwa kanda za mjomba ilikuwamo ya kipindi kilichorushwa kwanza kabisa, usiku wa tarehe 8 Septemba 1966. Humo mna dubwana la mwisho wa ukoo wake, linajigeuza sura ya mtu unayemtamani, kisha linakunyonya chumvi yote mwilini mpaka unakufa. Kwa watoto wa Malindi hilo halikuwa la kutisha, lilikuwa la kusikitisha. Pale Gongoni, mwendo mfupi wa matatu kaskazini yetu, chumvi imelala mashambani ekari kwa ekari, nyeupe, inasubiri kupakiwa. Lingetua hapo lingekula likashiba likaoa.

Lakini kilichotuinua vitini kilikuwa kingine. Dubwana lile linamjia Uhura likiwa limevaa sura ya baharia mweusi, kijana mtanashati, na linamsemesha kwa Kiswahili. Naye anajibu kwa Kiswahili. Mjomba akapiga kofi goti: "Mmesikia?" Hatukusikia. Maneno yalipita yamejikunja, matamshi ya mtu aliyekariri barua bila kuijua. Tukarudisha kanda. Tukarudisha tena. Mama akasogea hadi puani mwa televisheni, akafumba macho kama aliyekuwa kazini, akasema: "Ni Kiswahili. Laini ni mbovu tu."

Fikiri lakini. Marekani, 1966, nyumba nzima nzima zimekaa mbele ya televisheni, na watu wawili weusi wanatongozana kwa lugha ya bibi yangu. Watengenezaji wangeweza kubuni mlio wowote wa kipuuzi na hakuna ambaye angejua. Walichagua lugha iliyopo.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikae kuandika. Kila Nichols alipotajwa, tangu enzi zile hadi wiki ya msiba wake, haikukosa sauti ya kusema: yule kwani alikuwa nani, si opereta wa simu tu, wa angani. Wengine walisema kwa kumbeza, wengine kwa kumtetea, kwamba alistahili kazi kubwa zaidi. Hilo la pili nalielewa. Mistari yake ilikatwa kila mara, mwenyewe alilalamika, na ndiyo maana msimu wa kwanza ulipokwisha alimwambia Roddenberry anaacha. Ninachogombana nacho ni hiyo "tu".

Hebu kitazame kile chumba cha usukani kwa jicho la mama. Nahodha anasimama, anajitambulisha kwa mbwembwe, anatishia, anabembeleza, anaokoa sayari. Anaongea na nani? Na mtu ambaye Uhura amempata kwanza. Ujumbe wa kuomba msaada kutoka kambi inayoungua unaingia sikioni mwa nani kabla ya sikio jingine lolote? Akisema laini imekufa, chombo kizima kinanyamaza na kumgeukia. Kuna kipindi cha mwaka 1967 ambamo mawasiliano yameharibika, na Uhura yuko chini ya mitambo na kifaa cha kuchomelea, anaunga nyaya nyembamba, anasema ana miaka hajafanya kazi ya namna hii. Spock, yule mwenye masikio ya ncha, ambaye kusifu ni adui yake, anamwambia hamjui mtu anayeifaa kazi hiyo kuliko yeye. Mama alipokiona kipindi hicho alinyamaza kwa muda. Kisha akatuonyesha kovu dogo kwenye kidole cha shahada, la mwaka 1979, mvua ilipoingia ndani ya ubao wa nyaya na fundi yuko Mombasa.

Na mwaka 1991, kwenye filamu ya sita ya Star Trek, waongozaji walimweka Uhura na wenzake wakipekua makamusi ya karatasi ili wajibu swali la Kiklingoni, lugha ya maadui zao wa miaka yote. Tukio la kuchekesha. Nichols hakucheka. Alipinga, akisema afisa wa mawasiliano mwenye uzoefu ule angekuwa anaijua lugha hiyo. Walimshinda, tukio likabaki. Lakini jua kwamba alibishana, kwa heshima ya kazi ambayo wengine waliiona ya kupokea simu.

Kurudi kwenye kuacha kwake. Roddenberry alimwomba afikirie mwisho wa wiki. Jumamosi akaenda kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akaambiwa kuna shabiki anataka kumsalimia. Akageuka akitarajia kijana mwenye karatasi ya saini. Alikuwa Martin Luther King. King akamwambia kwamba Star Trek ndiyo programu pekee ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wakeshe kidogo kuitazama. Nichols akashukuru, akasema atawakumbuka wenzake maana anaondoka. King akaacha kutabasamu. Huwezi kuondoka, akamwambia, kwa maana kwamba kiti kile hakikuwa cha mweusi, kwa hiyo akitoka watamweka yeyote, na watu weusi watakuwa wametoweka tena kwenye picha ya kesho. Jumatatu akarudi kazini. Nichols alikisimulia kisa hiki kwa miaka mingi, na katika mahojiano niliyoyaona sauti yake ilibadilika kila alipofika pale King anapoacha kutabasamu.

Kuhusu lile busu la Novemba 1968 kati yake na William Shatner, aliyeigiza nahodha Kirk, sitaandika mengi, limeshaandikwa na kila mtu, na wengi huliita la kwanza la mweusi na mweupe katika televisheni ya Marekani, ingawa wachunguzi wameyapata mengine ya nyuma yake. Mama aliliruka kwa rimoti, kwa sababu watoto tulikuwepo.

Ninachotaka kukaa nacho ni kazi aliyoifanya Nichols baada ya kuvua gauni jekundu. Mwaka 1977 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa ikitafuta wanaanga wa vyombo vipya vya kwenda na kurudi. Nichols aliwahi kuwasema hadharani kwamba anga yao haina mtu kama yeye, na wao wakafanya jambo la busara: wakamwajiri. Kupitia kampuni yake, Women in Motion, alizunguka nchi nzima kwa miezi, vyuo, viwanda na vyama vya wahandisi, akiwaambia wanawake na watu weusi waombe. Aliwaonya NASA pia, kwamba akiwaletea watu wenye sifa halafu wakachagua sura zile zile za zamani, atawasema yeye mwenyewe kwa sauti. Waombaji wakapita 8,000. Januari 1978 wakatangazwa 35, wakiwemo wanawake 6 na Wamarekani weusi 3. Humo mlikuwa na Sally Ride, Mmarekani wa kwanza wa kike kwenda angani, na Guion Bluford, wa kwanza mweusi, wote mwaka 1983. Humo mlikuwa na Judith Resnik na Ronald McNair, waliokufa Januari 1986 chombo kimojawapo, Challenger, kilipolipuka.

Hiyo nayo ni kazi ya opereta. Upande huu kuna watu wenye shahada zao, upande ule kuna taasisi iliyozoea kusema laini ina shughuli. Mtu akakaa katikati na nyaya mbili.

Miongoni mwa waliokuja baadaye ni Mae Jemison, daktari aliyekulia Chicago, ambaye akiwa binti mdogo alimtazama Uhura na kuamini. Jemison alifika Kenya alipokuwa akisomea udaktari, na miongoni mwa lugha anazozijua ni Kiswahili. Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, na kila alipoingia zamu aliwaambia wa ardhini maneno ya Uhura. Kwa Kiingereza cha tamthilia yana mbwembwe, habari za masafa na kuita. Mama ana tafsiri yake: "Laini iko wazi." Kwa hiyo alikuwapo juu yetu, siku chache, mwanamke aliyekijua Kiswahili, akisema kauli ya mwanamke wa kubuni aliyezungumza Kiswahili. Mwaka uliofuata walimwalika Jemison aigize kipande kidogo katika mfululizo mpya wa Star Trek, na Nichols akaenda kumtembelea wakirekodi.

Hapa nitachepuka, maana mtu wa Malindi hawezi kuandika habari za anga asiitaje Ngomeni. Ukisimama ufuoni pale siku isiyo na ukungu unaona baharini majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu, kama meza zilizosahauliwa. Ni San Marco, ya Waitaliano, na kati ya 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka pale, kwa kuwa karibu na ikweta dunia yenyewe inakupa msukumo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya NASA, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa kuwashukuru wenyeji, wakaiita Uhuru. Ilisikiliza hadi mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na ilichokisikia kwenye kimoja kiitwacho Cygnus X-1 kiliwasaidia wanasayansi kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Mama siku hiyo alikuwa na miaka 18, yuko Malindi mjini kwenye gwaride, hakuona hata moshi. Anajutia hadi leo. "Zuhura kwenye televisheni, Uhuru kwenye roketi," huwa anasema, "na wote wawili kazi yao kusikiliza."

Kuna kipindi kimoja cha 1967 ambacho siku hizi siwezi kukitazama hadi mwisho. Mtambo wenye kichaa unafuta kumbukumbu zote za Uhura, inabidi afundishwe upya kama mtoto wa chekechea. Anasoma kitabu cha mbwa na mpira, anakwama kwenye neno la Kiingereza, anakasirika, na hasira ile inamtoka kwa Kiswahili. Kila kitu kimefutwa, hicho kimebaki chini kabisa, kama maji ya kisima. Kisha waandishi, kwa haraka zao, wanasema baada ya wiki moja atarudi kazini. Tulicheka zamani. Miaka ya mwisho Nichols mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa kusahau, jambo lililojulikana hadharani mwaka 2018, na mwanawe, rafiki yake mmoja na aliyekuwa meneja wake wakavutana mahakamani juu ya nani amtunze. Mwishowe alihamia New Mexico karibu na mwanawe, Kyle Johnson. Desemba 2021 aliagana na mashabiki Los Angeles, mkutano wake wa mwisho. Waliokuja walikuwa wazee wenye fimbo na wasichana waliovaa gauni jekundu ambao mama zao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1966.

Wiki ile ya msiba nilisoma rambirambi nyingi kuliko nilizopata kusoma kwa mtu nisiyemjua. George Takei, aliyekaa naye kwenye chumba kile cha usukani tangu mwanzo, aliandika kwamba moyo wake ni mzito na macho yake yanang'aa kama nyota. Mwigizaji Whoopi Goldberg, kama alivyosimulia mara nyingi, alipokuwa mtoto alikimbia nyumba nzima akipiga kelele kwamba kwenye televisheni kuna mwanamke mweusi na si mtumishi wa nyumbani. Celia Rose Gooding, anayemwigiza Uhura wa sasa, ambaye katika tamthilia mpya ni mtoto wa Kenya kabisa, alimshukuru kwa nafasi aliyowatengenezea waliokuja nyuma yake. Lakini walionigusa zaidi ni wasio na majina. Mhandisi wa setilaiti. Mkalimani wa mahakama. Mama mmoja aliyeandika kwamba bintiye anaitwa Nyota na hadi siku ile alikuwa hajamwambia kwa nini. Na wengi, wengi mno, wafanyakazi wa simu: wa zimamoto, wa gari la wagonjwa, wa minara ya ndege. Nilimsomea mama hao mmoja mmoja. Alikuwa akitikisa kichwa kila mara, kama anayepokea ripoti ya zamu.

 Sehemu ya majivu ya Nichols iliwekwa ndani ya roketi ya Vulcan pamoja na ya Roddenberry, ya mkewe Majel Barrett, na ya James Doohan aliyekuwa fundi mkuu wa Enterprise, na ilipangwa kipande cha juu cha roketi kiwapeleke mbali, kupita mwezi, wakae wakilizunguka jua. Ilirushwa Cape Canaveral, Marekani, tarehe 8 Januari 2024, kule bado usiku, kwetu saa nne na dakika 18 asubuhi.

Nilikuwa Malindi tena. Nikaiegemeza simu kwenye birika, mama akavaa miwani. Tukaona mnara, moshi, tukasikia mtu akihesabu kurudi nyuma, mama akahesabu naye kwa Kiitaliano. Ikainuka. Moto wake ulikuwa mrefu kuliko roketi yenyewe, ukaangaza mawingu, kisha ukawa punje, kisha picha ikabadilishwa ikawa mchoro tu wa mstari unaopinda.

"Na huko mbali hivyo," mama akauliza, "nani atakuwa kwenye laini?"

Kabla sijajibu, picha ikaganda. Duara likaanza kuzunguka katikati ya kioo. Bando limekwisha.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso. "Dakika tatu zimekwisha," akasema, kwa sauti ile ile. "Unaendelea?"

Nikavaa ndara nikakimbilia dukani.